Udongo Tuliochota Chini ya Miramura

Siku ile tuliingia pori tukiwa watu wanne, na nitawataja kwa undugu wao, si kwa majina. Majina ninayo yote, hata ya mbuzi tuliokuwa nao kule zamani. Lakini ndugu zetu wengine wanalala bado karibu na lile pori, na jina likishaandikwa haliwezi tena kujificha.

Nilikuwa mimi, mama wa marehemu. Alikuwa shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, mzee anayefuga njiwa pale Butembo. Ndiye alichimba kaburi na kupanda alama yake. Macho yake sasa yana utando mweupe. Anaona mwanga na kivuli, basi. Alikuwa mukamwana wangu, mjane wa mwanangu. Na alikuwa rafiki wa mwanangu, Mwislamu wa Beni anayenunua kakao na kuisafirisha. Huyo hana damu nasi, lakini yeye na mwanangu walipokuwa vijana walikula kwenye sahani moja, isipokuwa siku ambayo kwetu palipikwa nguruwe.

Tulikwenda kutafuta udongo. Katika ukoo wetu mjane hatoki kilioni mpaka udongo wa upande wa kichwa cha kaburi uletwe nyumbani, umwagwe mlangoni, yeye auvuke, ndipo anyolewe nywele. Udongo wa miguuni haufai. Kaka mkubwa wa mume wangu, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo, alikuwa ametamka mbele ya watu: bila udongo, hakuna wembe. Na mukamwana wangu alikuwa ameshaombwa ndoa na mwanaume mmoja wa Kasindi, aliyefiwa na mke, anayefanya kazi ya kupitisha mizigo ya watu pale mpakani. Mwanaume mtulivu. Alikuja Butembo, akakaa kwenye kiti, akanywa chai, akasema atangoja. Lakini kungoja kuna mwisho, na mukamwana alikuwa bado kijana.

Akinyolewa, ataondoka, na mtoto wake atakwenda naye. Yule msichana ana paji la uso la mwanangu na namna yake ya kukunja midomo akikataa chakula. Nawaambia hivyo ili mjue kwamba siku ile nilitembea na mioyo miwili kifuani. Mmoja ulitafuta kaburi. Mwingine ulitaka tusilione.

Mwanangu hakuuawa na mtu. Wengi wakisikia kaburi liko porini, upande wa juu ya Mavivi, wanafikiri hivyo, nao wananihurumia kwa kitu ambacho hakikutokea. Ni tumbo lililomuua. Lilianza kama tumbo la kawaida, nikampa maji ya majani ya mubirizi, ile dawa chungu ya nyumbani, likakataa. Barabara ilikuwa imefungwa kwa sababu ya risasi; pikipiki hazikupita, hata mtu wa miguu hakupita. Watu wote tulikuwa tunangoja risasi zinyamaze. Yeye akanyamaza kwanza.

Tukamzika palepale shambani, nyuma ya kibanda, mvua ikinyesha. Mukamwana alikuwa na mimba, na kwetu mwanamke mwenye mimba hakaribii kaburi. Alibaki ndani ya kibanda amegeukia ukuta, hakuona kitu. Shemeji alikwenda kwenye mpaka wa shamba, akakata kijiti cha muramura, akakichomeka kwenye kichwa. Kwa wale wasioujua, muramura ni ule mmea wa majani marefu, mapana kidogo, yanayoinama kama ulimi wa ng'ombe. Ukikata kijiti chake na kukichomeka, kinaota tu, hata mwenye mkono mbaya akikichomeka. Kwa hiyo sisi Wanande tunaupanda mahali pawili: kwenye mpaka wa shamba, na kwenye kaburi. Anayekufa naye anakatiwa mpaka wake.

Kesho yake tukakimbia na nguo tulizovaa. Tukafika Butembo, kwenye baridi na vumbi jekundu, tukapewa chumba kwa binamu wa mume wangu. Mtoto akazaliwa hapo. Mimi nikawa natwanga sombe, majani ya muhogo, na kuiuza mlangoni. Watu waliokuwa wanarudi Beni kutazama walituletea habari ya shamba kama habari ya mgonjwa: sasa majani yamefika magotini, sasa kakao haionekani, sasa ni pori. Mtoto akaanza masomo. Pori nalo lilikuwa linakua huko, na hakuna aliyelipeleka shuleni.

Basi, rafiki wa mwanangu akatuma neno kwamba njia imetulia kidogo, watu wanaingia asubuhi na kutoka mchana. Tukashuka Beni. Asubuhi akatubeba kwa pikipiki zake mbili, moja akiendesha mwenyewe, nyingine akiendesha mtu wake, ambaye alibaki barabarani kulinda. Kwenye bariere askari mmoja kijana akatusimamisha.

“Bamama, bokei wapi?”

“Tunaenda kwa shamba yetu, mwana,” nikamjibu.

“Shamba gani? Kule iko pori tu.”

“Ile pori njo shamba yetu.”

Akacheka, lakini si kwa ubaya. Akasema, “Basi mulime mbio. Jua ikianza kushuka, mukuwe mumetoka.”

Pale njia yetu ya zamani ilipoanzia palikuwa na ukuta wa matiti, yale majani makali yanayokata mikono, na katikati yake kamba za miiba zimesukwa hata kuku asingepita. Rafiki wa mwanangu akakata kwa panga. Nilifikiri ndani patakuwa hivyo hivyo, kwamba tutakata mpaka jua litushinde. Hapana. Tulipopita ule ukuta tukasimama wima. Ndani kulikuwa wazi chini, na giza juu.

Ile ilikuwa miti ya parasoliye, yenye majani kama mwavuli na mizizi inayosimama nje ya udongo kama miguu. Yote ilikuwa na urefu mmoja. Pori la zamani halina sura hiyo. Katika pori la zamani kuna babu, kuna baba, kuna mtoto, kila mmoja na kimo chake, na mingine imeanguka, na mingine imebebwa na kamba za porini. Hapa miti ilizaliwa pamoja, siku ambayo jembe lilikoma. Nikitazama vichwa vyake nilikuwa natazama mwaka tuliokimbia. Nikasimama kidogo, shemeji akaniuliza kama nimechoka, nikasema ndiyo.

Chini ya parasoliye hakukuwa na mtoto hata mmoja wa parasoliye. Mti ule haupokei watoto wake kwenye kivuli chake; unakua mbio, unazeeka mbio, na ukianguka wengine wanachukua mahali pake. Wale wengine walikuwa wameshafika. Niliona libuyu mdogo, ule mti wa mbao ngumu, kimo cha mtoto anayejifunza kutembea. Niliona mivule miwili ambayo bila shaka popo waliileta. Niliona mangongo, yale majani mapana ambayo tulikuwa tunafungia samaki na kuezekea, yamejaza mahali pa unyevu ambapo zamani nililima matembele. Matungulu yalikuwa yametoa matunda mekundu chini kabisa, karibu na udongo, na nikala moja, likawa chungu.

Na kakao ilikuwepo. Hiyo ndiyo ilinivunja moyo. Ningependa nisiikute kabisa. Ilikuwa imesimama kati ya parasoliye, imejivuta juu kutafuta jua, myembamba kama mtu aliyetoka hospitali, imevaa kuvu mpaka shingoni, na matunda meusi yaliyokauka yananing'inia bado. Mukamwana akalishika moja, likapasuka mkononi mwake, ndani ni unga tu. Akajifuta kwenye kitenge.

Shemeji alikuwa ametangulia, fimbo mbele, anagonga miti na kuizunguka.

“Mzee,” rafiki wa mwanangu akamwambia, “weye hauone, lakini njo unatutangulia! Tutakufuata mpaka Uganda.”

“Miye nilitembeaka hapa kabla baba yako ajue kupima kakao.”

“Baba yangu aliuzaka chumvi.”

“Njo vile ilikuwaka na muchanga mingi.”

Mukamwana akacheka. Nilikuwa sijasikia kicheko chake kwa muda mrefu, na pale kwenye lile giza la kijani kilinishtua.

Mahali pa kibanda nilipatambua mimi. Hakukuwa na mti wa ujenzi wala bati, bati liliondoka na watu. Lakini niliona mpapai umezeeka, na mwingine, na mwingine, imesongamana. Nikajua hapo palikuwa choo. Niliona avoka ndefu mahali tulipokuwa tunatupa kokwa. Niliona mubirizi wangu, ule ule niliochuma majani ya dawa siku za mwisho, sasa umekuwa mkubwa na umelala upande mmoja. Na chini yake sitroneli, ndio mchaichai, imebaki mashina machache ya njano kwa kukosa jua. Sitroneli niliipanda pembeni ya mlango. Kwa hiyo mlango ulikuwa hapa, na nyuma ya kibanda ni kule.

“Muende nyuma,” nikasema. “Mutafute muramura.”

Tukaenda, na muramura ukawepo! Ulisimama peke yake kati ya parasoliye mbili, kimo cha mtu, majani yameinama. Shemeji akatupa fimbo. Akaushika shina kwa mikono yote miwili, akaanza kulia kwa sauti, akimwita mwanangu kwa jina lile la nyumbani alilompa alipokuwa mtoto. Mukamwana akapiga magoti, akafungua kitambaa cheupe alichokileta, akaanza kuondoa majani makavu kwa vidole. Mimi nilibaki nimesimama. Ule moyo mmoja ulisema asante. Ule mwingine ulikaa chini.

Ndipo rafiki wa mwanangu, ambaye alikuwa amejitenga kidogo ili atuachie nafasi, akaita polepole, kama mtu anayeona aibu.

“Mama. Huku iko ingine.”

Nikaenda. Kweli, muramura mwingine, mwembamba zaidi. Na nikiwa hapo nikainua macho, nikauona wa tatu, mnene, mahali ambapo parasoliye moja ilikuwa imeanguka na jua linaingia. Na mbele yake tena mwingine.

“Mpaka wetu haukupita hapa,” nikasema. “Mpaka ulikuwa kule chini, kwa kijito.”

Akavua kofia yake, akajikuna.

“Mama, usikasirike. Mulipokimbia, kuna batu balikuja kuvuna kakao yenu. Niliona bale batu, balileta ile kakao kwa bei ya kuiba, nikakataa. Nilisikia baligawanya shamba, kila mutu na sehemu yake. Pengine balichomeka hii.”

“Na bo beko wapi?”

“Na bo bakakimbia. Hata musimu mbili hawakumaliza.”

Sasa mfikirie vizuri. Wezi walikata vijiti kwenye mpaka wetu wenyewe, wakavichomeka katikati ya shamba letu, miezi michache tu baada ya shemeji kuchomeka cha kwake. Kisha wote wakaondoka, na pori likafunika vyote pamoja.

Tulijaribu. Nilisema tutazame unene, wa kaburi ndio mkubwa kwa umri. Lakini chini ya miti unene hauhesabu umri. Ule ulio kwenye jua, pale parasoliye ilipoanguka, umenenepa. Ule ulio kivulini, hata ukiwa mkubwa wake, unabaki mwembamba. Pori lilikuwa limempa kila mmoja mwanga kwa mapenzi yake. Shemeji akasema alikata kijiti kwa mshazari. Akapapasa kila shina kutafuta alama ya panga lake, lakini hata jeraha la mti linapona. Tukatafuta shimo, kwa sababu udongo wa kaburi unashuka. Mashimo yalikuwa mengi. Nguruwe wa pori wamechimba, mizizi ya parasoliye iliyoanguka imeng'oa udongo, na penye kakao iliyooza pamezama.

Halafu tukaanza kubishana, shemeji na mimi.

“Shemeji, kichwa kilikuwa upande wa kilima,” akasema. “Kila mutu tunamulaza kichwa juu.”

“Hapa kilima kiko wapi? Hapa ni tambarare. Ulisema kijito kisimwingie masikioni, ukamgeuza.”

“Nilisema vile?”

“Ulisema.”

“Mvua ilikuwa mingi,” akasema. “Nilisema mambo mingi.”

Nilikuwa nakumbuka maneno yake. Nilikuwa nakumbuka jina la kila mtu aliyeshika koleo, rangi ya blanketi, na wimbo tulioukata katikati. Lakini kibanda nilichokuwa napimia mambo yote hakikuwepo, na mstari wa kakao niliokuwa napimia haukuwepo. Nilizunguka ile miramura mmoja mmoja nikiuomba uniambie kitu. Pori liko na majani mengi, lakini halijibu.

Mukamwana akanifuata. Alikuwa bado ameshika kile kitambaa, kitupu.

“Mama, miye sikuona. Mulinifungia ndani. Weye ulikuwa hapa. Njo gani?”

Ningeweza kunyosha kidole. Wote watatu walikuwa wananingojea. Ningeweza pia kusema hakuna hata mmoja, kaburi limepotea, turudi. Na msichana angebaki kwangu.

“Sijue, mwanangu,” nikasema. “Sijue hata kidogo.”

Mukamwana akakunjua kitambaa. Kisha akarudi kwenye muramura wa kwanza, akapiga magoti, akachota udongo kwa mkono, akautia kwenye kitambaa. Akainuka, akaenda kwa wa pili, akachota. Tulifikiri amechanganyikiwa. Alipofika kwa wa tatu, shemeji, ambaye alikuwa amesikia sauti ya udongo, akafoka.

“Weye! Unachanganya bwana yako na bezi?”

Mukamwana hakusimama.

“Bezi hawakuzikwa hapa, baba. Baliacha vijiti tu. Hapa mutu eko mumoja.”

Shemeji akarudi nyuma, akampisha. Rafiki wa mwanangu akageuka upande, akainua viganja vyake, akaomba kwa namna yao. Mimi nikaenda kumwondolea mukamwana majani kwenye njia. Miramura mingine ilikuwa imejificha nyuma ya mangongo. Nikaitafuta, nikamwonyesha, naye akachota mpaka kitambaa kikawa kizito. Udongo wa mahali pamoja ulikuwa mweusi, wa pengine mwekundu, mwingine umejaa vizizi vya kakao. Tukatoka jua likianza kushuka, kama tulivyoambiwa.

Butembo, mkubwa wa ukoo alikaa uani na watu wa ukoo. Mukamwana akaweka kitambaa mbele yake, akakifungua. Mzee si mjinga. Akaona rangi zile.

“Huu ni udongo wa kichwani?” akamwuliza shemeji, kwa sababu ndiye mchimbaji.

“Iko ndani,” shemeji akajibu.

“Ndani ya nini?”

“Ndani ya kitambaa.”

Watu wengine wakacheka, wakajikaza. Mkubwa wa ukoo hakucheka. Alichukua udongo kidogo, akausugua kwa vidole, akaurudisha. Akanigeukia.

“Wewe njo mama yake. Ukisema unapokea, tunapokea. Ukikataa, tunafunga, tunangoja.”

Msichana alikuwa amesimama nyuma ya mama yake, amekunja midomo. Niliutazama ule udongo, nikafikiri: mahali fulani humo, punje chache, ni kweli.

“Napokea,” nikasema.

Wakaumwaga mlangoni. Mukamwana akauvuka, akaketi kwenye kigoda, na mimi mwenyewe nikashika wembe. Nywele zake zilianguka juu ya kitenge changu. Alikuwa na kovu dogo nyuma ya sikio, sikulijua miaka yote ile. Wiki chache baadaye yule mwanaume wa Kasindi akaja na gari la mizigo, wakapakia sufuria na godoro, na msichana akaketi mbele katikati yao. Anasoma huko sasa. Nasikia sauti yake kwenye simu, inabadilika.

Usiku sipati usingizi, si kwa huzuni tu, ni kwa hesabu ya pori. Parasoliye zile hazina maisha marefu. Zitaanguka moja moja, libuyu na mivule itapanda, kamba zitapanda juu yake, na pale patakuwa pori kamili, lenye babu na baba na mtoto. Muramura unavumilia kivuli, lakini si kivuli chote. Siku moja hakutakuwa hata na ule wa kubahatisha.

Kwa hiyo nawaomba ninyi mlioshika koleo siku ile ya mvua, popote mlipokimbilia, Oicha, Beni, Kasindi ao ng'ambo. Mimi nasema kichwa kilitazama mbali na kijito, na kwamba kutoka mlango wa nyuma hadi kaburini palikuwa na kakao moja tu katikati. Shemeji anasema hapana. Kama nimekosea upande, ao nimekosea jina la mti wowote, mnirekebishe. Njooni nyumbani ao mtume mtu. Mseme kwa sauti, kwa sababu na masikio yangu yameanza kupunguka.